Mashimo ya Mwaka Juzi

Kama unataka kumjua mtu, achana na jirani yake na achana na pasta wake. Muulize anayemfulia nguo. Munyiva alikuwa mama fua wa mtaa wa Tenki, hapo Kitengela, kwa mwaka wa kumi na mbili, na hakukuwa na kola mtaani ambayo hakuijua kwa jina. Alijua ni nani huaga kila asubuhi kwamba anaenda kazini na shati linarudi halina hata tone la jasho. Alijua ni nani amefukuzwa chumbani akahamia kwenye kochi, kwa sababu mashuka yalipungua na blanketi la sebuleni likaongezeka. Na hakusema. Siku ambayo mama fua wa Kitengela wataamua kusema, nusu ya mji itahamia Namanga na kuvuka mpaka.

Jambo moja tu alilisema kwa sauti, na alilisema kwenye kila mlango: "Maji ya kusuuza yasimwagwe. Hayo ni yangu."

Maji ya kwanza, yale ya povu, alimwaga mtaroni kama kila mtu. Ya mwisho aliyakusanya kwenye jerikeni za manjano, akazipanga kwenye wilbaro yenye gurudumu linalolia, akavuka nayo barabara ya vumbi hadi kwenye kile kiwanja ambacho watu wa Tenki wanakiita Park.

Hilo jina lilikuwa la heshima tu. Zamani eneo lote lilikuwa malisho. Lilipokatwa kuwa ploti, mpimaji aliacha ekari mbili katikati ziwe za umma, akazipaka rangi ya kijani kwenye ramani. Kijani kikaishia hapo kwenye ramani. Kwenye ardhi yenyewe kulikuwa na pampasi zilizotumika, mifupa kutoka buchari, na kochi moja lisilo na miguu ambalo mbwa walilipenda. Kisha chama cha wakaazi kikasimamisha ubao mkubwa, BUSTANI YA UMMA YA TENKI, na kwa miaka mingi ubao huo ndio uliokuwa kitu cha pekee hapo chenye rangi.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Ngigi, dalali wa ploti, mtu mwenye viatu vinavyong'aa katika mji usio na lami ya kutosha kustahili viatu hivyo. Kila Februari Ngigi alileta kampuni moja ya Nairobi kupanda miti. Wafanyakazi walishuka kwenye basi wakiwa wamevaa fulana zinazofanana, wakapanda miche thelathini, wakapigwa picha, wakala pilau, wakaondoka. Mbele ya kila mche kilibaki kibao chenye jina la aliyeupanda. Mche ulikufa kabla ya Pasaka. Kibao kilidumu.

Kwa nini Februari, mwezi ambao hata mawingu yanapita juu ya Kajiado yakiwa na haraka? Kwa sababu kalenda ya kampuni ilisema Februari. Na udongo wa Kitengela ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unakuvua kiatu na kubaki nacho. Jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza ndala, na ukiupiga jembe, jembe linakurudia usoni. Kwa hiyo Ngigi hakuwahi kuchimbisha mashimo mapya. Alitumia yale yale ya mwaka uliotangulia. Unatoa mche uliokauka, unaweka mche mbichi, unabadilisha kibao. Shimo moja liliwahi kuzika miti mitano. Kwenye hotuba zake Ngigi aliita kazi hiyo mazingira endelevu, na kwa kweli ilikuwa inaendelea.

Munyiva alizaliwa Mutomo, ambako msichana huchimba mchanga wa mto mkavu mpaka kiunoni ndipo apate kikombe cha maji. Kwake yeye, mtu anayezika mche bila maji na kuondoka akipiga makofi ni kama mzazi anayemwacha mtoto mchanga kando ya barabara na kusema Mungu atamlea. Mwaka juzi alisimama na beseni lake kiunoni akiwatazama wageni wakirudi kwenye basi. Kesho yake wilbaro ikaanza kulia.

Hakuwa na mtu wa kuongea naye huko, kwa hiyo akaongea na vibao. "Kunywa, Meneja wa Mauzo. Wewe, Mhasibu, jana nilikupa nyingi, ngoja wenzako." Mti uliosimama mbele kabisa ulikuwa wa BI. JACKIE, MKURUGENZI, mgunga mwembamba uliojikunja kama mtu anayetafuta kiti. Huo aliusema sana. "Mkubwa mzima na hata jani huna."

Mwezi wa pili wa kumwagilia, mbuzi wakaja. Walikuwa wa Soipan, mama Mmaasai ambaye boma lake lilibaki limezungukwa na maghorofa kwa sababu alikataa kuuza. Munyiva alikwenda mpaka langoni kwake akiwa na kijiti kilichotafunwa.

"Takwenya," akamsalimia, maana hata ukienda kugombana unatanguliza salamu.

"Iko," Soipan akajibu.

"Mbuzi zako zimekula Meneja wa Mauzo."

Soipan akakigeuza kile kijiti. "Alikuwa mtamu?"

Nusura iwe vita. Lakini asubuhi yake Soipan alikuja Park na panga na mzigo wa matawi ya miiba, akauzungushia kila mti ua mdogo, vile watu wake wanavyozungushia ndama. Hakuomba msamaha na Munyiva hakushukuru. Walikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Miaka miwili. Kati ya miti thelathini, saba ilikufa na ishirini na mitatu ikabaki, miarobaini na migunga. Baadhi ilimfikia Munyiva kiunoni. Akina mama wa vyumba vya kupanga walianza kupeleka watoto wao pale jioni, na lile kochi likaondolewa na mtu asiyejulikana. Mwaka jana hakuna kampuni iliyokuja, na Ngigi hakujua lolote. Alipita barabarani kwenye gari, vioo juu, akionyesha wanunuzi ule ubao na kuwaambia ploti zake zinapakana na bustani.

Februari hii binti yake Munyiva, Nthambi, alijifungua kule Entarara, karibu na Loitokitok, alikoolewa. Munyiva akainywesha miti mpaka ikashiba Jumatano, akaondoka Alhamisi. Ijumaa saa tisa mchana simu ikalia. Ilikuwa Jawahir, mwenye duka la maziwa linalotazamana na Park.

"Mama Nthambi, uko wapi?"

"Entarara. Niko na mjukuu mkononi."

"Weka mtoto chini kwanza."

Munyiva akamweka mtoto.

"Kuna mtu anang'oa miti yako," Jawahir akasema. "Nimemwambia awache, anasema niongee na Chairman. Chairman hashiki simu. Amefikia wa kumi na moja."

Ukiwa Entarara, Kitengela haifikiki kwa hasira peke yake. Munyiva alilala macho wazi, akadandia gari la kwanza lililobeba nyanya, na Jumamosi saa tatu asubuhi akashuka Kitengela. Hakupita nyumbani. Alienda moja kwa moja na begi lake.

Mashimo thelathini yalikuwa yamechimbwa safi, kingo zimenyooka. Nyua za miiba zilitupwa kando. Miti yake ishirini na mitatu ililala chini ya magunia mabichi mbele ya duka la Jawahir, ambaye usiku kucha maji yake ya kunywa yalikuwa yameishia kwenye mizizi ya miti hiyo. Karibu na mashimo kulikuwa na rundo la vibao vipya, na kando yake kijana mmoja amekalia beleshi.

"Huyo ndiye," Jawahir akasema. "Anaitwa Kimeu. Nimemtukana mpaka matusi ya Kiswahili yakaisha, nikaendelea na ya Kisomali."

Hasira ya Munyiva haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa ya mikono. Ilishuka mpaka kwenye vidole vilivyokamua mablanketi ya mtaa mzima kwa miaka kumi na miwili, na Kimeu alipoviona akasimama.

"Wewe ni wa wapi?" Munyiva akamuuliza.

"Kibwezi, mama."

"Kibwezi. Kwa hivyo ukame unaujua. Na ulipokuta mti uko na majani, ulifikiria ni nini?"

"Chairman aliniambia tumia mashimo ya mwaka juzi. Alisema vitu viko ndani vimekufa, nitoe tu."

"Na vilikuwa vimekufa?"

Kimeu akaangalia viatu vyake. "Hapana. Lakini nilijaribu huko kwingine, mama, jembe likakataa kabisa. Hapa ndio udongo ulikuwa laini."

"Laini," Munyiva akarudia.

Jerikeni mbili kila safari, safari tatu kila siku, kifundo cha mguu kilichovimba tangu Oktoba na bado kimevimba, yote hayo yalikuwa yamekusanywa kwenye neno moja na kijana asiyemjua. Laini. Akataka kumpiga. Badala yake akaliokota beleshi, akamtia mkononi.

"Unajua kutoa. Sasa onyesha kama unajua kurudisha."

Soipan alikuwa ameshafika na panga. Aliinua mwarobaini wa kwanza, akaupima kwa macho, akakata nusu ya matawi kwa pigo moja. Munyiva akashika kifua.

"Soipan, unaua."

"Amekatwa miguu," Soipan akasema bila kugeuka. "Unataka abebe kichwa kikubwa na nini? Leta maji."

Wakafanya kazi wote wanne. Walikuwa wamerudisha mti wa kumi na nane Ngigi alipotokea. Alivaa fulana nyeupe, mpya kiasi kwamba mikunjo ya pakiti ilikuwa bado inaonekana tumboni.

"Mama Nthambi," akaanza, na ile sauti ya kuuzia watu ploti zenye kesi. "Karibu kutoka safari. Hii maneno tungeongea tu vizuri. Wageni wako njiani, wamepita Mlolongo."

"Tunaongea. Ongea."

"Sasa mkijaza mashimo, wageni watapanda wapi?"

"Ekari ni mbili, Ngigi. Wachague."

"Si unajua huko kwingine hakuchimbiki."

"Hapa kulichimbika kwa nini?"

Ngigi akafungua mikono. Na hapo, kwa bahati mbaya yake, akasema ukweli. "Mimi ningejuaje iko hai? Miti ya hapa hufa. Kila mwaka hufa. Hata wewe unajua."

Munyiva akajipangusa tope kwenye leso. "Ngigi, nafulia suruali zako mwaka wa tisa. Najua ukienda mazishi, najua ukienda kwa yule fundi wa magari ukasema ulikuwa kanisani. Udongo mweusi hautoki kwa nguo hivi hivi, lazima nitumie brashi. Kwako sijatumia brashi tangu siku ile mwaka juzi. Miaka miwili, mwenyekiti wa park, na hakuna hata doa. Ungejuaje? Ungekanyaga."

Kimeu akainama sana juu ya beleshi, mabega yakitikisika. Jawahir hakujisumbua kuficha.

"Hii ni kunikosea heshima," Ngigi akasema.

"Bado," Munyiva akamjibu. "Ngoja wafike."

Basi likafika saa tano, na programu ilikuwa imeandikwa saa nne kamili. Wageni wakashuka, mwenye kipaza sauti akaanza kusifu hewa safi ya Kitengela huku upepo ukimjaza vumbi mdomoni. Mgeni wa heshima alikuwa yule yule Bi. Jackie, mwanamke mrefu mwenye miwani. Ngigi, jasho likimtoka, alimwongoza haraka hadi kwenye ardhi kavu, mbali na miti, akamkabidhi jembe lililofungwa utepe mwekundu.

Bi. Jackie akapiga. Jembe likaruka. Akapiga tena, utepe ukafunguka. Mwenye kamera akamwomba arudie akitabasamu. Mara ya tatu kipande cha udongo kama jiwe kilimrukia Ngigi kwenye kiatu chake kinachong'aa.

"Mwaka juzi haikuwa hivi," Bi. Jackie akasema. "Si tupande pale penye maji?"

Munyiva alikuwa anangoja swali hilo tu. Ule mti wa mwisho alikuwa ameuacha nje makusudi. Akaja nao, mizizi imefungwa gunia, tope likimdondokea miguuni, na kile kibao cha zamani kwapani. Wageni wakampisha kama mtu anavyompisha ng'ombe.

"Madam, huu ni wako."

Bi. Jackie akasoma kibao. Akasoma tena. "Wangu? Ule wa mwaka juzi?"

"Huo huo. Ulikuwa umenifika hapa." Munyiva akaonyesha kiuno. "Jana umeng'olewa ndio upate mahali pa kupanda mwingine. Wote mlipanda wameng'olewa. Mhasibu, wenzake, wote. Tumewarudisha asubuhi hii, na wengi watakufa."

Mwenye kamera akashusha kamera, akafikiria, akaipandisha.

"Nani alikuwa anaimwagilia?"

"Mimi. Na maji ya kusuuza nguo. Mengine ni ya suruali za Chairman hapa. Hiyo ndiyo kazi amefanyia hii park, kuvaa nguo."

Kulikuwa na kicheko nyuma, kikazimwa haraka. Bi. Jackie akavua miwani, akapiga magoti kwenye tope kando ya shimo lile la mbele, akaupanda mti wake mara ya pili. Alipoinuka, magoti yalikuwa meusi. Munyiva aliyatazama kwa jicho la kazi na kujua hata brashi haitafua dafu.

"Nitarudi Februari nione kama umeshika," Bi. Jackie akasema. "Chairman, uutunze."

Watu wakapiga makofi. Na hicho ndicho kilichomchoma Munyiva kuliko yote. Walipiga makofi kama mwaka juzi, kwa sauti ile ile, wakala pilau ile ile. Ngigi alipata nguvu, akashika kipaza sauti, akashukuru "mama zetu wa mashinani" na kumpa Munyiva fulana ya kampuni mbele ya kamera. Munyiva akaipokea. Kabla basi halijawasha injini alikuwa ameichana vipande virefu na kufungia miti kwenye vijiti.

Miche mipya thelathini ilibaki kivulini, ndani ya mifuko yake.

"Sasa hizi utazipanda tu polepole," Ngigi akasema akitafuta funguo za gari.

"Sizipandi."

"Zitakufa, Mama Nthambi."

"Ndiyo, zitakufa. Zimekuja kwa jina lako."

Lakini hakuweza. Aliivumilia siku mbili, akaihamishia nyuma ya duka la Jawahir, na huko ndiko alikotunga sheria yake. Hakuna mtu wa Tenki atakayepewa mche. Mtu atapewa shimo. Atalimwagilia shimo tupu, jerikeni moja kila siku, siku thelathini mfululizo, watu wakimwona anamwagilia hewa. Akimaliza, ndipo apewe mti. Akiruka siku, anaanza upya.

"Na mvua ikinyesha?" Jawahir akamuuliza.

"Analeta jerikeni hivyo hivyo. Sipimi maji. Napima mtu."

Watu walicheka wiki nzima. Kisha Jawahir akamaliza zake thelathini, akapanda. Kimeu akamaliza, baada ya kuanza upya mara mbili. Mwalimu mmoja wa chekechea akaleta darasa lake na vikombe vya plastiki.

Kati ya miti ishirini na mitatu iliyorudishwa, tisa ilishika, yote miarobaini. Migunga ilikuwa imekatwa mzizi ule mrefu wa kati, na hakuna ombi linalorudisha mzizi. Ilikauka mmoja baada ya mwingine, na wa Bi. Jackie haukufika Machi. Munyiva hakuung'oa. Aliuacha usimame mbele kabisa, kijiti kilichofungwa utambaa mweupe, na kibao chake kimepanguswa vumbi kila Jumatatu. Akipita hapo na wilbaro alikuwa haongei.

Aprili Ngigi akaja. Aliegesha gari mbali, akatembea.

"Mama Nthambi, nimefikiria. Ile ya Madam. Si tuweke mwarobaini moja kubwa kubwa hapo mapema? Februari akikuja, ni mti ameona. Hawezi jua."

"Mimi nitajua."

"Basi niambie unataka nini."

Munyiva akaonyesha shimo, lile la saba kutoka barabarani, kisha jerikeni.

"Mimi?" Ngigi akauliza. "Mwenyekiti? Nimwagilie shimo?"

"Shimo unalijua. Mmejuana miaka mingi."

Alikataa siku nne. Siku ya tano mtaa ulimwona akivuka barabara na jerikeni, mkono mmoja ukivuta suruali juu isishike vumbi. Soipan aliwaleta mbuzi wake karibu makusudi ili apate sababu ya kusimama hapo. Ngigi akamwaga maji yote kwa mpigo mmoja, yakamrukia, akaondoka bila kuaga mtu. Alikuja kesho yake, na kesho kutwa. Jumamosi hiyo Munyiva alipofungua nguo za nyumba ya Ngigi alikuta doa jeusi kwenye pindo la suruali, akalisugua kwa brashi, na hakulionea huruma lile doa wala mwenye suruali.

Siku ya ishirini na sita Ngigi hakuonekana. Alikuwa Tuala, upande wa Rongai, akionyesha mtu ploti. Alipokuja siku iliyofuata alibeba jerikeni mbili, moja kila mkono, amelowa mpaka magotini, akaziweka chini mbele ya Munyiva.

"Ya jana na ya leo," akasema akihema. "Imebaki tatu."

Munyiva alikuwa ameinama akikaza kitambaa kwenye mwarobaini wa Mhasibu. Akamaliza fundo. Akazitazama zile jerikeni, akavitazama na viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa vya rangi moja na ardhi.

"Mimina hiyo moja hapo," akamwambia. "Nyingine peleka kwa ule mti wa Kimeu, umesinyaa. Kesho ni siku ya kwanza."